Chui Nyuma ya Jiko la Mukandekezi

Elick alisimamisha pikipiki mbele ya studio, akazima injini, akaingia ndani kumshukuru Muzamil. Hapo ndipo taabu ilipoanzia, maana Elick si mtu wa kushukuru. Anaweza kukubeba kwenye bodaboda yake kutoka Nkwenda mpaka barabara inapoishia, mvua inawachapa wote wawili, umpe nauli yake na soda juu, na bado aondoke bila kukuaga.

"Umetusaidia sana, kaka," alisema. "Siku zote tulikuwa tunasema kwa mdomo tu. Sasa ushahidi upo."

"Ushahidi wa nini?"

"Wa Mukecuru na chui wake."

Muzamil alikuwa anakata picha za pasipoti za mwalimu mmoja wa sekondari. Mkasi ulisimama katikati ya sikio la mwalimu.

Elick hakuona. Alikuwa ameegemea kaunta, macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri siku nyingi, akitaja mbuzi wake mmoja mmoja kama mtu anayetaja marehemu wa ukoo. Saba tangu Pasaka. Wa mwisho alikuwa jike lenye mimba, likaachwa kichwa na kwato. "Leo saa nane tunakutana kwangu," alisema. "Tukitoka hapo tunakwenda kumalizana naye." Akaondoka, na safari hii aliaga.

Muzamil alilijua neno hilo. Miaka miwili nyuma, katika kitongoji kingine huko huko pembeni mwa hifadhi ya wanyama, watu walimalizana na mzee mmoja aliyesemwa kuwa anafuga fisi. Muzamil aliitwa kupiga picha za mazishi. Jeneza halikufunguliwa.

Aliketi kwenye kiti cha wateja. Picha ilikuwa yake. Aliipiga yeye, akaipamba yeye, na maneno ya kuchekesha aliyaandika yeye kwa vidole vyake mwenyewe.

Picha ilipatikana hivi. Mwezi wa tatu Muzamil alinunua lenzi kwa mzee mmoja wa Bukoba aliyekuwa akiongoza watalii mpaka macho yakamwisha. Ni lenzi ya zumu, milimita mia na hamsini mpaka mia sita, ukiivuta yote inakuwa ndefu kama mkono wa mtu mzima, na uzito wake ni wa jogoo aliyeshiba. Watu wa Nkwenda waliiita mzinga, wakamuuliza kama inahitaji kibali cha polisi. Mkewe, Mwaja, alimshonea mfuko wa kitenge akaujaza maharage, ili lenzi ilale juu yake isitikisike, kwa kuwa upepo wa vilimani hauheshimu stendi ya miguu mitatu. Mwaja alisema siku mboga ikikosekana watachemsha kifaa.

Kwa miaka kumi na miwili Muzamil alikuwa amepiga maharusi, vipaimara, maulidi na pasipoti. Mzinga ulimfungulia dunia nyingine. Kila alfajiri ya Jumamosi Elick alimpeleka chini ya kilima cha malisho, akamwacha hapo, naye akapanda peke yake. Alipata nyamera, alipata korongo wenye taji wakicheza bondeni, alipata kiboko akipiga miayo. Chui hakumpata, na chui ndiye aliyemnyima usingizi.

Jumamosi iliyopita alimpata. Alikuwa amelala kwenye jiwe tupu, jua la kwanza limemwangukia mgongoni, mkia unaning'inia. Mbele ya lenzi, chini kidogo, kulikuwa na paa la bati na jiko la nyasi linalofuka moshi: nyumba ya Mukandekezi, nyumba ya mwisho kabla ya hifadhi. Moshi ule ulimtesa. Lenzi ilikuwa inaukamata moshi badala ya chui, inakwenda mbele, inarudi nyuma, na Muzamil akitokwa jasho kwenye baridi. Alipiga kama arobaini mfululizo. Moja ndiyo iliyokaa sawa.

Nyumbani aliikata, akaing'arisha. Na hapo kwenye kompyuta chui akaonekana amelala nyuma ya jiko hasa, hatua tatu kutoka mlangoni, kama paka anayesubiri makombo. Muzamil alijua si kweli. Kutoka kilimani mpaka kwa Mukandekezi ni mita mia nane. Kutoka kwa Mukandekezi mpaka lile jiwe ni mita mia tano nyingine, na katikati kuna korongo lenye msitu ambalo hata mbuzi hawalivuki. Lakini lenzi ndefu ndiyo tabia yake: inakunja umbali kama shuka, cha mbele na cha nyuma vinalaliana. Ndiyo maana wapiga picha wanaipenda. Yeye mwenyewe aliipenda kwa hilo.

Sasa sikia ujinga wake. Mukandekezi ni mjane wa miaka kama sitini na saba, aliyeletwa kutoka Rwanda akiwa mgongoni mwa mama yake. Watu wanamwita Mukecuru, ambalo kwa lugha ya kwao ni jina la heshima kwa bibi kizee. Ukoo wake ni Bazigaba, na mwiko wa Bazigaba ni chui: hawamuui, hawakalii ngozi yake. Miaka kumi iliyopita, kwenye harusi, mtu alimtania kuhusu hilo, naye akajibu, "Chui ni ndugu yetu, tukikutana tunaamkiana." Ukumbi mzima ulicheka. Muzamil alikuwapo, akipiga picha. Akalikumbuka, na chini ya picha yake akaandika: *Mukecuru na ndugu yake wakisubiri uji.*

Akaiweka mtandaoni. Watu wakacheka, wakasifu, mtu wa Rubwera akaomba nakala kubwa ya kutundika ofisini. Kwa siku nne Muzamil alitembea Nkwenda kifua mbele. Hakujua kwamba kule pembeni mwa hifadhi, kwa watu waliopoteza mbuzi, utani ule ulikuwa umesomwa bila kucheka.

Basi aliifuta picha pale pale, mkasi bado uko mkononi. Kisha akafungua kundi la harusi kwenye simu, imo. Kundi la wanunuzi wa kahawa, imo. Kundi la shule aliyosoma, imo, na chini yake mtu ameandika, *Wenyewe wanajua.* Maji yakimwagika hayazoleki.

"Nenda kwa mwenyekiti," Mwaja alimwambia. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshasikia yote. "Usikae hapa unafuta. Nenda. Na chukua mzinga wako."

Polikarpi, mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa uani kwake akichambua kahawa. Muzamil alifika kwa bodaboda ya mtu mwingine, saa sita kasorobo, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na habari au umekuja na njaa?"

Muzamil alimweleza haraka haraka, maneno yakigongana. Polikarpi hakushtuka. Alifuta mikono, akatoa simu yake mfukoni, akamwonyesha picha ile ile. "Nimeiona. Na mkutano wa kwa Elick nimeusikia, nikasema nitakwenda nikawatulize. Lakini nitawatuliza na nini? Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hili jiwe ninalijua. Ni lile la nyuma ya jiko lake, analoanikia kahawa."

"Siyo hilo, mzee. Hilo la kahawa jiko linalificha. Ni jiwe la ng'ambo, ndani ya hifadhi."

"Kwa hiyo kamera imedanganya?"

"Kamera haijadanganya. Mimi ndiye niliyedanganya. Nilitaka ipendeze."

Polikarpi alirudisha simu mfukoni. Alikuwa mtu wa haki, lakini mwoga wa aibu, kama viongozi wengi wanaopigiwa kura na majirani zao. "Nikisimama mbele ya watu wenye hasira nikawaambia chui yuko ng'ambo, wataniuliza nimejuaje. Niseme Muzamil kaniambia? Watasema nimelainishwa. Nionyeshe kwa macho yangu. Tuna saa mbili."

"Na polisi?"

"Nawapigia sasa hivi." Akawapigia. Walisema wanatoka. Lakini barabara ile ni mwendo wa saa moja na nusu siku ikiwa kavu, na wote wawili walilijua hilo.

Walipanda kilima kwa dakika arobaini. Polikarpi ana miaka sitini na mbili na hakupumzika hata mara moja. Nusu ya njia, simu ya Muzamil ililia ujumbe mfukoni. Alipoitoa, ujumbe ulikuwa unamkaribisha Rwanda. Ndivyo ilivyo kule juu. Mguu wako uko Kyerwa, upande wa Tanzania, simu yako imeshavuka mpaka.

Aliulaza mfuko wa maharage juu ya mwamba, akaulaza mzinga juu ya mfuko, akatafuta, akakaza. Mikono ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba bati la Mukandekezi lilirukaruka mpaka maharage yalipoupokea uzito. "Angalia, mzee."

Polikarpi alivua kofia, akainama, akafumba jicho lisilopaswa kufumbwa, akaona giza, akalaumu kifaa. Kisha akafumba la pili. "Eeh. Bati lile. Jiko. Na jiwe... Muzamil! Si hilo jiwe? Liko pale pale nyuma ya jiko!"

"Sasa toa jicho, mzee. Angalia kwa macho yako ya kawaida."

Mzee aliinuka. Chini kule nyumba ilikuwa ndogo kama kiberiti. Nyuma yake ardhi ilikatika, likafuata korongo jeusi kwa miti, kisha mteremko mwingine mrefu wa nyasi, na juu yake, mbali, mbali, jiwe. Polikarpi aliinama tena kwenye lenzi. Akainuka. Akainama. Mara ya nne aliinuka akiwa ameshika kofia kifuani.

"Mungu wangu," alisema polepole. "Na mimi nilikuwa nimeshaamini."

Muzamil aliangalia saa. Ilikuwa saa saba kasorobo. Wangeshuka, wangefika kwa Elick kabla ya mkutano, mzee angesema kwa kinywa chake.

Polikarpi alikuwa ameinama tena, amenogewa, anausogeza mzinga kushoto na kulia. "Ninaona mpaka migomba. Ninaona njia. Na hawa wanaopanda ni akina nani?"

Muzamil hakumbuki alimsogezaje mzee. Anakumbuka tu jicho lake limefika kwenye lenzi, na ndani ya lenzi kuna watu saba kwenye njia ya kwa Mukandekezi. Sura hazikuonekana, kwa umbali ule joto la mchana linazitikisa kama zinaonekana ndani ya maji. Lakini fulana nyekundu aliijua, aliikalia nyuma kila Jumamosi. Panga lilikuwa mkono wa kushoto, na Elick ni wa kushoto. Nyuma yake mtu alikuwa anachechemea, amebeba dumu la njano. Huyo ni Gideon fundi baiskeli. Muzamil alimpiga picha za harusi, alimkalisha ili mguu usionekane.

Hawakuwa wamesubiri saa nane.

"Elick!" Polikarpi alipiga kelele kutoka kifuani. "Elick we!" Upepo uliichukua sauti ukaipeleka upande wa Rwanda. Ndani ya lenzi hakuna aliyegeuza kichwa.

Na hili ndilo Muzamil alilomsimulia Mwaja baadaye kwa aibu. Watu wale walikuwa karibu naye sana. Aliona vumbi likiruka miguuni mwa Elick. Aliona dumu la petroli likiyumba kila Gideon alipochechemea. Akanyoosha mkono. Wallahi, alinyoosha mkono mbele ya lenzi ili amkamate Elick ukosi wa fulana, na kiganja chake mwenyewe kikaifunika picha yote ikawa nyeusi.

Akauondoa mkono. "Simu," alisema. "Chukua simu yangu, mzee. Namba yake imo. Nenda pale kwenye kichuguu, pale mtandao wetu unashika."

Kichuguu kilikuwa hatua kumi. Polikarpi alikimbia, akapanda juu yake, akainua simu, akaishusha, akaiweka sikioni. Muzamil alibaki na jicho kwenye lenzi. Mmoja alikuwa na macho, mwingine alikuwa na mdomo, na kati yao kulikuwa na hatua kumi za nyasi.

"Inaita!"

Ndani ya lenzi Elick alisimama, akapapasa mfuko, akatoa simu, akaiangalia, akairudisha.

"Ameiona. Amekataa. Piga tena!"

Mara ya pili hakuitoa kabisa. Walikuwa wamefika kwenye ua wa migomba. Watu wawili waliingia kushoto kwenda nyuma ya nyumba. Muzamil alianza kusoma aya ya Kursi bila kujua kama anaisoma kwa sauti au la, akaikosea katikati, akaanza upya.

Mara ya tatu Elick alipokea.

"Elick!" Polikarpi alinguruma. "Ni mwenyekiti! Shusha hilo panga!"

Elick aliganda. Panga lilibaki lilipokuwa.

"Bado analo," Muzamil alisema. "La kushoto. Bado."

"Lililo mkono wa kushoto! Nimesema shusha!" Akasikiliza. Kisha Polikarpi akamgeukia Muzamil. "Anauliza niko wapi."

"Usimwambie!"

"Niko ninapokuona!" Polikarpi alisema kwenye simu. Huo haukuwa uongo.

Elick aliangalia nyuma. Akaangalia migombani. Wenzake walimwona anavyoangalia, nao wakaanza kuangalia.

"Dumu, mzee. Mwambie Gideon aweke dumu chini."

"Na wewe Gideon na dumu lako la njano, liweke chini! Eeh, Gideon! Mwambie namwona anavyochechemea!"

Elick alimwambia. Gideon aliliachia dumu kama limemuunguza, likaanguka kwa ubavu. Akakimbilia dirisha la nyumba, akachungulia ndani. Alidhani mwenyekiti amejificha chumbani. Angekuwa mahali pengine Muzamil angecheka.

"Na mnapigwa picha!" Polikarpi aliongeza, na hilo lilikuwa lake mwenyewe. "Wote! Mmoja mmoja!"

Muzamil alibonyeza kitufe. Kamera ikaanza kutwanga, tatatatata, na hakukiachia tena.

Wawili waliokwenda nyuma walirudi. Mmoja, mrefu, mwenye rungu, ambaye Muzamil hakumfahamu, hakuwa na habari ya simu wala mwenyekiti. Alipita katikati ya wenzake moja kwa moja kuelekea mlangoni. Na hapo mlango ukafunguka.

Mukandekezi alitoka na beseni. Alikuwa mdogo kuliko Muzamil alivyomkumbuka. Aliliona dumu. Aliwaona watu. Akaliweka beseni chini, taratibu, kwa magoti yanayouma, akasimama akiwa amekunja mikono juu ya khanga. Kichwa chake kilitikisika, kama anasema kitu. Mrefu aliendelea kwenda. Elick, simu sikioni, aliinua mkono wa kushoto.

Muzamil alifumba macho. Ni hivyo, wala hajawahi kujisifu kinyume chake. Kidole kiliendelea kubonyeza, kamera ikaendelea kuona, lakini yeye alifumba.

"Vipi?" Polikarpi alipaza sauti kutoka kwenye kichuguu. "Muzamil! Vipi?"

Alipofumbua, panga lilikuwa chini kwenye vumbi. Elick alikuwa ameuweka mkono wa kushoto kwenye kifua cha yule mrefu, amemzuia, na mrefu anamsukuma, na Elick hasogei.

"Yu hai," Muzamil alisema. "Mwambie wakae chini. Wote wakae chini."

Wakakaa. Watu saba wazima walikaa kwenye uwanja wa bibi kizee, wakitazama angani, migombani, juu ya paa, wasijue jicho liko wapi. Polikarpi alirudi akihema, simu bado mkononi. "Mimi nashuka. Wewe baki. Wakihisi umetoa jicho hapo, watasimama."

"Na simu?"

"Naenda nayo, yangu haina namba ya Elick. Nikipata mtandao njiani nitasema nao."

Dakika ishirini na tano zilizofuata Muzamil hawezi kuzipima. Sasa alikuwa na macho tu. Kama mrefu angeinuka, hakuna ambacho angefanya zaidi ya kumwona akiinuka. Shingo ilikakamaa, machozi yalijaa jichoni, akayafuta kwa bega bila kusogea. Wingu lilipita juu ya nyumba, kila kitu kikawa cheusi, na kwa muda alioona ni wa mwaka mzima hakuweza kutofautisha mtu na mgomba. Wingu likaondoka. Walikuwa saba bado. Mukandekezi aliingia jikoni, akatoka na jagi na kikombe, akampelekea wa kwanza, akakataa. Wa pili akakataa. Alipofika kwa Elick, Elick alikipokea, akakishika muda mrefu, akanywa.

Ndipo kofia ya Polikarpi ilipoingia pembeni mwa picha, na Muzamil akalala kifudifudi kwenye nyasi, akalia.

Polisi walikuja jioni wakaandika majina. Kesho yake Elick alipanda kilima mwenyewe, bila kuambiwa, akamkuta Muzamil huko, akaomba kuangalia. Aliangalia kwa lenzi, akaangalia kwa macho, kama mwenyekiti alivyofanya, ila yeye alichukua muda mrefu zaidi.

"Sasa mbuzi wangu amewala nani?"

"Chui."

"Chui yupi?"

"Chui tu, Elick. Wa porini."

Elick alishuka bila kuaga.

Muzamil aliteremka upande wa pili, kwa Mukandekezi. Moyo ulimdunda kuliko siku ya kupeleka posa. Harufu ya petroli ilikuwa bado iko kwenye vumbi la uwanjani.

"Shikamoo, Mukecuru."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye picha?"

"Ni mimi, Bibi. Nimekuja kuomba radhi."

"Nionyeshe kwanza. Kila mtu ameiona ila mimi."

Alimfungulia kwenye kamera. Bibi aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akaikaribisha. Alimtazama chui kwa muda, kisha jiko lake, kisha chui tena.

"Mzuri," alisema. "Miaka yote hii hapa, sijawahi kumwona hata mara moja. Wewe ndiye uliyemleta."

Muzamil alisema ameshaifuta mtandaoni.

"Umemrudisha kwake?"

"Nimeifuta kwenye ukurasa wangu, Bibi. Lakini simu za watu..."

"Basi bado yupo hapa."

"Yupo," Muzamil alikubali.

Kuku wa rangi ya majivu alitoka jikoni, akanywa maji haraka haraka kwenye kigae, akarudi ndani. Muzamil alimwuliza bibi kile alichokuwa akitaka kukijua tangu jana: wale watu walipokuja, aliwaambia nini? Alimwona akisema, lakini sauti haikufika.

"Niliwaambia jikoni kuna kuku anaatamia," Mukandekezi alisema. "Wamtoe kwanza."

Muzamil aliinamisha kichwa. Bibi aliinuka, akajifunga khanga upya, akasimama mbele ya ukuta wa jiko lake.

"Sasa nipige mimi. Mimi peke yangu. Uipeleke kule kule ulikoipeleka ile."

Muzamil alitoa begi, akaweka mzinga pembeni, akafunga lenzi fupi, ile ya pasipoti. Kisha, kwa mazoea ya miezi yote ile, akaanza kurudi nyuma, hatua moja, mbili, tano, mpaka mgongo wake ukagusa majani ya migomba.

"Unakwenda wapi?" Mukandekezi alimwuliza. "Njoo hapa. Huko mbali ndiko ulikomtoa chui."

Akarudi. Alisimama hatua mbili kutoka kwake, karibu mpaka akasikia anavyopumua. Mikono ilimtetemeka kuliko kilimani, na hapa hapakuwa na maharage ya kuipokea. Bibi hakutabasamu. Alimtazama moja kwa moja, naye ilimbidi amtazame.

Alipiga moja tu.